Maji ya Joshoni

Mjini kwao kila mtu alimwita Chupa. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho na mdomoni mwa mama yake, basi. Alikuwa mchukua sampuli wa idara ya maji. Asubuhi alitoka getini na buti za mpira miguuni na sanduku la barafu begani, chupa zikigongana ndani yake taratibu, kama watu wanaonong'ona huku wakijua wanasikilizwa. Wauza mboga wa njiani walimtania kwa kumwuliza mto umesemaje leo. Naye, bila kugeuka, aliwajibu kwamba mto umeagiza waoge.

Kazini hakutaka mchezo. Alisimama mtoni akiukabili upande maji yanakotoka, ili tope la miguu yake lipite nyuma yake lisiingie chupani. Alisuuza chupa kwa maji yaleyale, akayamwaga upande wa chini, ndipo akaizamisha na kuifunga ikiwa bado majini. Akiwa ugenini hakunywa maji hata akibembelezwa, na wenyeji wengi walimnunia wakidhani anaringa. Maji aliyoyaamini duniani yalikuwa ya mahali pamoja tu, jikoni kwa mama yake.

Mama huyo, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mjane, mtu wa swala na mtu wa usafi. Alizaliwa huko juu mlimani, akashuka mjini alipoolewa, na ya huko hakupenda kuyasimulia. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa juu, pale bomba kutoka mlimani linapoingilia mji. Jikoni palikuwa na birika kubwa la bati lisilopoa. Kwa mama yule maji hayakuchemka tu, yaliiva. Yangetokota yakarusha mfuniko, naye angesema bado mabichi hayo. Aliyaacha mpaka yapungue, akaongeza mengine juu ya yale yaliyobaki, na birika lile halikumwagwa hata siku moja, maana kumwaga maji yaliyokwisha kuiva aliona ni kuikufuru neema. Akinamama wenzake wa darasa la dini aliwafundisha vivyo hivyo, nao wakamfuata, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuatwa.

Aliyemshinda ni mkwewe mmoja tu, mke wa mwanawe wa kiume, wifi yake Chupa, waliyekuwa wakiishi naye. Huyu alikuwa mvivu na uvivu wake ulimnawirisha. Aliinamia bomba la uani, akakinga kiganja, akanywa. Mama alimwonya kwamba maji mabichi yatamlaza kitandani. Wifi akacheka, akasema kitanda anakipenda, shida ni kuamshwa.

Aliyelala kitandani akawa mama.

Ilianzia viganjani. Vilitokea vinundu vidogo vigumu, kama mtu aliyepandiwa punje za mtama chini ya ngozi. Kisha kifuani kukaenea madoa, meusi na meupe, kama vumbi la uani mvua inapodondosha matone ya kwanza halafu ikaghairi. Nyayo zikafa ganzi hata kandambili ikawa inamvuka asijue, akaendelea kutembea mguu mmoja peku. Daktari wa zahanati alimpa dawa ya kupaka, akakiri kwamba ugonjwa wenyewe haujui. Kabla hajapelekwa kwingine, kiharusi kikamgusa. Hakikumwangusha moja kwa moja, ila kilimpotosha mdomo na kumnyang'anya maneno. Aliyobaki nayo yalikuwa machache, na lililotoka mara nyingi zaidi lilikuwa moja.

"Josho," alisema, akimkazia macho Chupa. "Josho kubwa."

Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa na maana moja tu. Ni kuoga mwili mzima kwa nia ya kujitakasa. Wakaelewa kwamba mama anataka kuwa twahara kabla ya kukutana na Mola wake, na wote wakalia. Wifi akapasha maji, akinamama wa darasa wakaja, wakamwogesha kuanzia utosini hadi vidoleni, upande wa kulia kisha wa kushoto, wakimnuilia na kumsomea. Mama alifumba macho muda wote. Walipokwisha kumvika na kumlaza, aliyafumbua, akamtazama mwanawe, akapiga godoro kwa kile kiganja kigumu.

"Josho," akasema.

Wakatazamana. Kesho yake wakamwogesha tena, na keshokutwa yake. Kila akitolewa majini akiwa safi ananukia sabuni, aliomba kuoga, na machoni alikuwa na kitu ambacho hakuna aliyependa kukitazama kwa muda mrefu. Nyumba ikaanza kuogofya. Watoto wa wifi walipita mlangoni mwa bibi yao mbiombio. Mmoja wa wale akinamama alinong'ona jikoni kwamba huenda ipo dhambi anayoijua mwenyewe na Mungu wake, ndiyo maana maji hayamtoshi. Wifi akaweka ndoo chini. Akamwambia dhambi pekee anayoijua ya mama huyu ni kumzaa mume wake, na hiyo ameshamsamehe.

Ijumaa hiyo alasiri walikusanyika chumbani kumwombea dua. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda ukutani, akinamama wameketi mkekani wakimzunguka, dirisha likitoa mwanga mweupe wa mawingu. Chupa alisimama mlangoni, nyuma ya mwombaji, akiwaangalia kwa mbele. Mwombaji alipoanza, mikono yote ikainuliwa, viganja wazi, kama desturi ya mwenye kuomba.

Chupa aliviona viganja. Vilikuwa na punje. Kimoja baada ya kingine, safu nzima ya mkekani, vinundu vilevile, vingine vichanga, vingine vimekomaa na kupasuka. Waliviinua mbele ya nyuso zao wakiitikia amina, na hakuna aliyekuwa akitazama cha mwenzake. Katikati yao viganja viwili tu vilikuwa laini. Vilikuwa vya wifi.

Dua ilipokwisha aliwaomba aone mikono yao. Wengine waliificha kwanza, kwa haya, kila mmoja akidhani ni ukoma umemwanza yeye peke yake. Akawauliza wanakunywa maji gani. Walimjibu kwa fahari kidogo kwamba ni ya bomba, lakini yaliyoiva vizuri, kama alivyowafundisha mama.

Kulipokucha alipeleka maabara chupa mbili, moja ya maji ya bomba na moja ya birika. Mkemia, mtu mpole wa miwani minene ambaye walifanya naye kazi tangu alipoajiriwa, alipima, akarudia kupima, kisha akamwita ndani na kufunga mlango. Sumu yenyewe inaitwa aseniki, alimweleza. Haina rangi, haina ladha, haina harufu. Moto unaua vijidudu, lakini hii haifi kwa moto. Maji yanapanda na mvuke, yenyewe inabaki chini, inamsubiri mtu aongeze mengine.

"Ya bomba ni mabaya, Chupa," alisema. "Lakini haya ya birika, sijawahi kuona namba kama hizi. Nani anayanywa?"

Chupa akavigeuza viganja vyake mwenyewe juu ya meza, akavikagua, na mkemia akaelewa. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Siku hiyohiyo bomba la mlimani likafungwa na magari ya maji yakaanza kuzunguka mitaani. Wifi alilibeba birika hadi shimo la taka, akalimwaga lote. Mama akahamishiwa hospitali kubwa, na daktari wa huko alisema huenda akainuka kwa kuwa ameacha kunywa, na huenda wamechelewa. Lakini mto haufungwi kama bomba, na kulikuwa na vijiji huko bondeni vinavyochota moja kwa moja mtoni. Mkemia alimwambia Chupa apande, atafute sumu inakotoka. Chupa mwenyewe alikuwa na sababu yake nyingine. Alitaka amletee mama jibu angali anasikia, ajue kwamba si dhambi yake wala mkono wake uliomfikisha hapo.

Dereva aliyempandisha alikuwa na jina la utani la Breki, kwa kuwa alisimamisha gari hata kwa kuku. Mtu wa maneno mengi, mtoto wa wafugaji, alijua wimbo wa kila redio. Walikuwa na vikaratasi vyeupe vya kupimia palepale. Kikiguswa na gesi ambayo dawa ya kupimia inaitoa kwenye ile sumu kinageuka manjano, na ikizidi kinakuwa kahawia. Njia ya kuutafuta uchafu mtoni ni rahisi kuieleza. Kila vijito vinapokutana unapima chini ya makutano, kisha unapima kila mkono peke yake, na unaufuata ule mchafu. Unapanda hivyo mpaka mahali karatasi inaporudi kuwa nyeupe. Hapo umekipita ulichokuwa ukikitafuta.

Mji mzima ulikwisha kuhukumu kwamba ni machinjio. Wakapima chini ya machinjio, manjano. Wakapima juu yake, manjano ileile. Breki akasikitika, maana alikuwa amejiandaa kumtukana meneja. Wakapanda hadi machimbo ya kokoto. Juu ya machimbo karatasi ilikuwa imekolea zaidi. Chupa akaishika kwenye mwanga, akailinganisha na ile ya machinjio. Siku zote za kazi yake, kadiri alivyopanda ndivyo mto ulivyozidi kuwa safi. Huu ulikuwa unachafuka kuelekea kule ambako hakuna watu.

Waliacha gari kwenye nyumba ya mwisho, wakaenda kwa miguu. Njia ilipita mashamba yaliyotelekezwa, nguzo za uzio zimesimama bila waya, kisha magofu ya nyumba kubwa ya shamba, paa limeondoka, mlango bado umefungwa kwa kufuli. Ukungu ulikuwa ukipita katikati ya miti kana kwamba nao una shughuli. Mkono mchafu wa kijito uliwafikisha kwenye dimbwi.

Lilikuwa dimbwi zuri. Maji yalikuwa maangavu hata mawe ya chini yalionekana karibu kuliko yalivyo. Chupa aliingiza mkono na kilindi kikammeza hadi kwapani. Mawe hayakuwa na ukoga wala utelezi. Hakukuwa na kiluwiluwi, wala mdudu mmoja wa kuteleza juu ya maji, wala chura ukingoni. Nyuki mmoja alielea, mabawa wazi. Breki alikuwa akisimulia kitu tangu kule chini, na Chupa alitambua kwamba amenyamaza, bila kujua tangu lini.

"Dada," Breki akasema kwa sauti ya mtu aliye msibani, "hapa hata mbu hajaja."

Karatasi ilitoka kahawia, kama chai ya rangi.

Wakapanda zaidi, na kwenye majani marefu juu ya kijito Chupa alikikuta kitu kilichomfanya asimame. Ardhi ilikuwa imefunguka kwa mtaro ulionyooka, ukuta wa saruji pande zote mbili, mrefu na mwembamba, wa kina cha mtu na zaidi. Upande mmoja uliteremka ghafla. Upande wa pili ngazi zilipanda kutoka ndani. Ulikuwa kama kaburi lililochimbiwa foleni ya watu, wakaingia huku wakatokea kule. Majani makavu yalijaa chini. Pembeni kulikuwa na mwingine kama huo, mfupi.

"Huku kulikuwa na mifugo ya maana," Breki alisema, akifurahi kupata cha kusema. "Hili ni josho."

"Umesema nini?"

"Josho, dada. La kuogeshea ng'ombe, kupe wafe. Wanatumbukia huku wanaogelea kwenye dawa, wanatokea kule. Lile dogo la mbuzi, hili ndilo josho kubwa. Zamani dawa yenyewe ilikuwa sumu kweli, babu alikuwa anatufukuza tusisogee."

Chupa alikaa chini pale ukingoni. Alikumbuka wanawake sita wamemwinamia mama, maji yakimtiririka usoni, na mama amefumba macho akisubiri wamalize ili aseme tena.

Akasimama, akapima kijito kilichopita kando ya josho. Karatasi ilibaki nyeupe. Akarudia, nyeupe. Josho lenyewe lilikuwa kavu. Kati ya hapo na dimbwini, mahali fulani, ardhi ilikuwa inatoa sumu, na hawakuona chochote ila vichaka na mteremko uliomegwa na mvua kubwa za miaka ya nyuma. Ukungu ukashuka, Breki akasema watapotea. Wakageuka.

Hospitalini alikwenda na buti zake zikiwa na tope. Wifi alikuwa amekaa kitandani kwa mama akimkanda miguu isiyohisi. Chupa akapiga magoti, akaukaribia uso ule uliopinda.

"Mama. Josho la ng'ombe?"

Mama alimgeuzia uso. Machozi yakamtoka upande mmoja tu, ule uliokuwa hai, na upande huohuo wa mdomo ukatabasamu.

"Mmeniogesha," alisema, akivuta kila silabi, "mpaka basi."

Wifi akaweka kichwa juu ya shuka. Haikujulikana kama analia au anacheka, na pengine mwenyewe hakujua.

Yaliyofuata yalitoka vipande vipande, kwa taabu, na ilibidi Chupa amsaidie kwa kuuliza na kumwacha aitikie. Baba yake mama alikuwa mfanyakazi wa josho lile. Mikono yake ilikuwa na punje hizi hizi, na hakufika uzeeni. Mama alipoona viganja vyake mwenyewe alizitambua punje, lakini ya huko alizoea kuyaficha, na alipokata shauri aseme kiharusi kikamwahi. Chupa akamweleza kwamba josho ni kavu na maji ya kando yake ni safi. Akauliza dawa ilipochakaa ilimwagwa wapi.

Mama alifumba macho, na wakadhani amelala. Kisha kidole chake kikaanza kutembea juu ya shuka. Kilichora mto, kikachora kona, kikasimama.

"Zizi," akasema. "La ndama. Chini yake." Akapumzika. "Mapipa. Walifukia." Halafu, kana kwamba anaona, "Majani hayaoti. Ndama walilamba. Wote."

Chupa aliuliza kama kuna alama. Mama hakuwa na zaidi. Aliushika mkono wa mwanawe, akakigeuza kiganja kikatazama juu, akakisugua kwa kidole gumba taratibu, hapa na pale, akikikagua. Aliporidhika alikiachia.

Asubuhi iliyofuata hali ya mama haikuwa nzuri, na Chupa alisita mlangoni. Wifi alimfukuza. Alimwambia mama hakutumia pumzi zake za jana ili mtu aje akae kwenye benchi. Mkemia naye alikuja safari hii, na watu wawili wenye majembe.

Zizi la ndama walilikuta kwa mawe ya msingi wake tu, kwenye kona ya kijito, chini kidogo ya mahali ukungu ulipowarudisha. Chini yake mteremko ulikuwa umemegwa na maporomoko, na kwenye kidonda hicho hakukuwa na jani. Pande zote msitu ulikuwa mbichi, unadondosha maji, lakini pale udongo ulikuwa mtupu na umelainika kama uliofagiwa asubuhi hiyo. Kutoka ndani ya ukingo yalichomoza maduara ya kutu, moja nyuma ya jingine, midomo ya mapipa yaliyolala kwa mpangilio. Hakuna aliyehitaji jembe. Kutoka kwenye kila mdomo maji maangavu yalichuruzika bila sauti hadi kijitoni.

Mkemia alisema Mungu wangu, akarudi nyuma hatua moja. Watu wa majembe hawakushuka.

Chupa alishuka. Alisimama kijitoni akiukabili upande maji yanakotoka, akafungua chupa. Wakati anasuuza alisikia simu ya Breki ikiita huko juu, na wimbo wa mlio wake, ule wa kuchekesha, ukakatwa haraka. Breki aliongea kwa sauti ya chini. Kisha akaja ukingoni. Chupa hakuinua macho. Alijua namna mtu anavyosimama akiwa amebeba habari, na alikwisha kuiona kwa pembeni ya jicho.

"Dada," Breki akaita. "Ni wifi yako."

"Nisubiri," akasema. "Nimalize hii."

Akaimwaga upande wa chini, akasuuza tena. Akaizamisha chini ya mdomo wa pipa la kwanza, akangoja ijae, akaifunga ikiwa bado majini. Mikono yake ilikuwa imetulia. Aliandika mahali, akaandika tarehe, na alipofika kwenye nafasi ya jina la aliyeonyesha chanzo, ambayo kwa kawaida huachwa wazi, aliandika jina la mama yake, kamili, pamoja na la babu.

Ndipo akapanda ukingoni, akapokea simu.

"Innalillahi wa inna ilayhi rajiun," alisema baada ya kusikiliza. Akamwuliza wifi kama mama aliondoka na uchungu. Wifi akamwambia hapana, aliondoka amenyamaza, na mkono umekunjuka.

Breki alitaka kumbebea sanduku. Alikataa, akaliweka begani mwenyewe, na wakashuka kwa mstari mmoja kukifuata kijito, ambacho hakikusema chochote mpaka walipofika kwenye nyumba ya mwisho.